Kampuni inataka niandike kuwa msaidizi wangu hajaiva

Shikamoo Mama,

Mimi ni Mkenya wa Kisumu, nina miaka 46, mama wa watoto wawili. Nimeishi Mwanza hadi nikivuka mpaka wa Sirari kwenda nyumbani dada zangu wananicheka, wanasema ulimi umeshakuwa wa huku. Kazi yangu ni umeme. Ni meneja wa Kanda ya Ziwa katika kampuni ya umeme wa jua ambayo makao yake makuu yako nje ya Tanzania. Visiwani tuna gridi ndogo, yaani mitambo midogo ya umeme inayojitegemea, na kwenye mialo, mitumbwi inapotua, tunakopesha paneli, betri na taa kwa wavuvi wa dagaa, wenye maduka na wenye saluni. Wanalipa kidogo kidogo kwa simu.

Nilianza kama mhasibu. Sikusomea uhandisi, na hilo nimekumbushwa na wengi. Kwenye vikao watu walikuwa wakisubiri mwanaume aliyekaa pembeni yangu aanze kuzungumza, wakidhani yeye ndiye bosi. Wengine walisema mbele yangu kwamba Mkenya amekuja kula ajira za wenyeji. Nilinyamaza nikafanya kazi. Mwaka 2020, ilipoagizwa kwamba bei ya umeme wa gridi ndogo za binafsi ishuke hadi shilingi 100 kwa uniti, mimi ndiye niliyekaa na wakopeshaji wetu, ambao tunawalipa kwa dola wakati mteja wa kisiwani anatulipa kwa shilingi, nikawaonyesha tutapitaje. Hatukufunga. Sijisifu, Mama, nataka tu uelewe kwamba nafasi niliyonayo sikupewa na mjomba.

Sasa nimependekezwa kuwa mkurugenzi mkazi, yaani mkuu wa kampuni kwa Tanzania nzima. Nilipopigiwa simu nililia. Lakini cheo hicho kinahitaji kibali kipya cha kazi, na nilichonacho kinakaribia kuisha. Makao makuu wameniletea rasimu ya barua ya kuambatanisha na maombi. Inasema hakuna Mtanzania ndani ya kampuni anayeweza kushika nafasi hiyo, na kwamba msaidizi wangu, ambaye kwenye mpango wetu wa urithishaji ndiye ametajwa kuwa atanirithi, "hajaonyesha uwezo wa kuongoza." Mimi kama msimamizi wake natakiwa kusaini.

Huyo msaidizi ni Msukuma wa Sengerema, ana miaka 37. Alianza kwetu kama fundi wa kupanda mapaa kufunga paneli, akajiendeleza kimasomo akiwa kazini. Yeye ndiye aliyegundua kwa nini marejesho ya mialoni yalikuwa yakianguka kila mwezi kisha yanapanda tena. Makao makuu walikuwa wakiwaita wateja wale wadaiwa sugu. Kumbe dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inakaa nchi kavu na mvuvi hana kitu. Alipendekeza tarehe za kulipa zifuate giza na mbalamwezi badala ya kalenda ya ukutani. Tukabadilisha, marejesho yakatulia, nikamtaja kwa jina kwenye ripoti ya robo mwaka. Wavuvi wanampigia simu yeye kabla ya kunipigia mimi. Wafanyakazi wanamsikiliza. Ni kweli hajawahi kukaa peke yake na wakopeshaji, na ripoti za Kiingereza zinamchosha. Lakini kusema hana uwezo wa kuongoza ni uongo, na mimi ndiye ninayejua kuliko wote kwamba ni uongo.

Niliwauliza makao makuu. Wakanijibu kwamba hiyo ni karatasi tu, kila kampuni hufanya hivyo, na kwamba nisiposaini hawana mpango mwingine kwa ajili yangu. Mume wangu ni mwalimu Kisumu, anasema nisaini tusomeshe watoto. Mwanangu mdogo yuko kidato cha tatu hapa Mwanza. Nikirudi Kenya na umri huu, kampuni za umeme zinataka wahandisi vijana. Nani atamchukua mhasibu aliyezeekea kwenye mialo ya Tanzania?

Naomba unijibu mambo matatu. Nisaini? Nikikataa, nifanye nini na maisha yangu? Na je, nimwambie msaidizi wangu kinachoendelea? Kila asubuhi anapita ofisini kwangu kunisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," na siku hizi nashindwa kumtazama usoni.

Mgeni wa Capripoint, Mwanza

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usisaini barua hiyo.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilorusha macho ukilitafuta. Mengine yote nitakayosema yana nafasi ya kujadiliana, lakini hilo halina. Nimefanya kazi katika ofisi za utumishi hapa Kanda ya Ziwa hadi nikastaafu, na barua za namna hiyo nimezipokea na kuzisoma nyingi. Zinafanana. Zote husema mwenyeji "hajaonyesha uwezo" na hakuna hata moja inayosema uwezo gani, alipimwa lini, na nani. Anayeandika hivyo huwa hana la kuandika.

Tuanze na sheria, maana makao makuu wamekuambia ni karatasi tu. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri anayemwombea mgeni kibali aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania akamkosa, na awe na mpango wa kurithisha ujuzi na nafasi hiyo kwa raia. Anayetoa kibali ni Kamishna wa Kazi. Kibali cha ukaazi cha Uhamiaji kinasimama juu ya hicho. Kutoa taarifa za uongo ili kupata kibali ni kosa la jinai, na anayesaini ndiye anayeulizwa. Sasa tazama ulichonieleza mwenyewe: kwenye ripoti ya robo mwaka ulimsifu kijana huyu kwa jina, na makao makuu wanayo. Ofisa kazi akija siku moja kukagua, atakuta karatasi mbili zenye saini yako, moja inasema mtu huyu alitatua tatizo lililowashinda nyote, nyingine inasema hawezi kuongoza. Hapo aliyekutumia rasimu atakuwa yuko mbali, nje ya mpaka, na wewe utakuwa Mwanza.

Wakenya wengi hudhani Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, iliondoa mambo haya. Haikuondoa. Kila nchi iliorodhesha fani ambazo iko tayari kuzifungulia wafanyakazi wa nchi jirani, na nje ya orodha hiyo taratibu za vibali zinabaki pale pale. Kwa hiyo usije ukashawishiwa na mtu kwamba utabaki tu kwa kuwa sisi ni jumuiya moja.

Lakini barua yako, mwanangu, haikunifanya niiandikie majibu marefu kwa sababu ya sheria. Ni kwa sababu ya mbalamwezi.

Nimezaliwa kwenye kisiwa, najua usiku wa giza mwaloni ulivyo, taa zimetapakaa ziwani hadi unadhani kuna mji juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, leo ni balbu na betri. Kijana aliyekaa na ripoti ya fedha, akaona namba zinapanda na kushuka, akakumbuka mama yake au mjomba wake alivyokuwa akikopa unga mbalamwezi ikiwaka, akaunganisha hayo mawili na kuyageuza kuwa utaratibu wa kampuni, huyo ndiye kiongozi wa biashara ya umeme katika ziwa hili. Namba hufundishwa darasani. Hilo la pili halifundishwi. Kampuni yenu ilikuwa ikiwaita watu wazima wenye kazi zao wadaiwa sugu, na bila yeye pengine ingewanyang'anya betri. Halafu leo inataka wewe, uliyeyaona yote haya kwa macho yako, uandike kwamba hana uwezo. Naomba ukasirike kidogo. Katika barua yako umeogopa sana, na hasira sijaiona.

Uliza pia kwa nini wanakutaka wewe. Wewe ni hodari, sina shaka. Ila kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawalioni kwa sababu wamelizoea: kibali chako kimefungwa kwa mwajiri wako. Huwezi kuamka kesho ukahamia kampuni ya jirani kwa kibali hicho hicho. Mkurugenzi ambaye makao makuu wakimwacha lazima afungashe, huyo huwa hapingi sana bodi inapokata bajeti ya mafundi au inapotaka kupandisha bei kisiwani. Mwenyeji akipewa kiti hicho anaweza kusema hapana, akarudi nyumbani kwake Sengerema akalala. Sisemi ndivyo wakubwa wako wanavyofikiri. Nasema nimeona kampuni zikichagua hivyo, na wewe una akili ya kuwapima wa kwako. Dalili moja unayo tayari: ulipouliza swali, walikujibu kwa kukuonyesha mlango.

Sasa njia. Kukataa kusaini uongo hakukulazimu kukataa cheo. Ukweli wenyewe umeshauandika kwenye barua yako kwangu, kwa sentensi mbili: hajawahi kukaa peke yake na wakopeshaji, na ripoti za Kiingereza zinamchosha. Hayo ni mapengo ya kweli, yana majina, na yanazibika. Kaa chini uandike rasimu yako. Sema kampuni inaomba kibali cha mkurugenzi mkazi kwa muda wa makabidhiano. Sema mrithi ni fulani, ana uwezo huu na huu, na haya mawili au matatu bado. Weka tarehe: kikao kijacho cha wakopeshaji atakaa nawe, kinachofuata ataongoza yeye na wewe utakaa kimya pembeni, ripoti ya nusu mwaka ataiandika yeye na wewe utaisahihisha. Mwisho wa kipindi hicho anachukua kiti. Maombi ya namna hiyo ndiyo sheria ilivyokusudia, na mbele ya Kamishna yana uzito kuliko ule uongo, kwa sababu yanaonyesha mpango wa urithishaji unaotembea. Mpango mwingi niliousoma ulikuwa umelala kwenye faili tangu siku ulipoandikwa.

Peleka rasimu hiyo makao makuu kwa maandishi, kwa adabu, bila kutisha mtu. Waandikie kwamba hii ndiyo barua unayoweza kuisaini. Weka nakala. Kama wana busara watakuona umewaokoa. Wakiikataa, utakuwa umejua wanachokitaka, na utajua kabla hujaweka jina lako.

Kuna mtu nataka umfahamu. Samuel Insull alizaliwa London mwaka 1859, na mwaka 1881 alivuka bahari kwenda Marekani kuwa karani wa Thomas Edison. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mtu wa barua na hesabu, kama wewe. Mwaka 1892 alikwenda Chicago kuongoza kampuni ndogo ya umeme, na hapo akaona jambo ambalo wahandisi wengi walikuwa hawajalitilia maanani: mtambo unaowasha taa jioni na kukaa bure mchana kutwa unakula fedha. Akaanza kuwinda wateja wa saa tofauti, viwanda vya mchana, treni za mjini za asubuhi na jioni, watengeneza barafu wa majira ya joto, na kila mteja mpya wa saa tupu alimwezesha kushusha bei. Nadhani umeshajitambua. Ndiyo hesabu ya gridi yenu ya kisiwani: mashine ya kusaga na ya kuchomelea mchana, kuchaji taa za wavuvi jua likiwa kali, majumba usiku. Mhamiaji asiye mhandisi ndiye aliyeisambaza hesabu hiyo katika biashara ya umeme ya Marekani, kwa hiyo acha kujiita mhasibu aliyezeekea mialoni.

Lakini soma na upande wake wa pili. Alipokua, alikusanya kampuni juu ya kampuni, zikimilikiana kwa mikopo, kaka yake akiongoza upande mmoja na mwanawe akiwa upande mwingine. Mwaka 1932 jengo lile la mikopo lilianguka, na watu wengi wa kawaida waliokuwa wamenunua hisa wakapoteza akiba zao. Insull alikimbilia Ulaya, akarudishwa, akashtakiwa, na mwaka 1934 mahakama ikamwachia huru. Alikufa Paris mwaka 1938. Kampuni ya umeme ya Chicago aliyoijenga haikuzimika. Taa ziliendelea kuwaka, kwa sababu chini ya yale makaratasi kulikuwa na mitambo ya kweli na watu waliojua kuiendesha. Wewe umeshafika kwenye kiti ambacho karatasi na mitambo vinaanza kuachana. Ningependa ubaki upande wa mitambo na watu wanaoiendesha.

Swali lako la pili, ufanye nini na maisha yako wakikukatalia. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa upendo. Umeandika kana kwamba kuna Mwanza na kuna Kisumu, na katikati hakuna kitu. Tazama ramani. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili. Sehemu iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda, na humo ndimo vilimo visiwa vingi vyenye watu wasio na nguzo. Una visiwa vya Ssese upande wa Uganda. Upande wenu kuna Rusinga na Mfangano. Mtu anayejua kwa nini marejesho ya dagaa hufuata mwezi, anayejua kuzungumza na mkopeshaji wa dola kwa niaba ya mteja wa shilingi, na aliyepita mwaka 2020 bila kufunga, hatafutwi na tangazo linalosema "mhandisi kijana." Anatafutwa na wafadhili wa miradi, na wawekezaji wanaotaka mtu wa kupima kampuni kabla hawajaweka fedha, na mashirika ya umma kama lile la Kenya la umeme vijijini na nishati jadidifu lililoundwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Andika wasifu wako upya. Acha kuupanga kwa vyeo. Upange kwa matatizo uliyoyatatua: marejesho, bei, betri, wakopeshaji. Na pale penye mbalamwezi, taja kwamba wazo lilikuwa la mwenzako na kazi yako ilikuwa kulisikia na kulitekeleza. Mwajiri mwenye akili atakuelewa zaidi hapo kuliko popote.

Ongeza na hili: gridi ya taifa inakua. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na nguzo zinasogea kila mwaka. Kisiwa ambacho leo ni mteja wenu kinaweza kufikiwa. Kampuni za gridi ndogo zitahitaji watu wanaojua kukaa na TANESCO, shirika la umeme la taifa, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kuzungumza namna ya kuungana au kuuza, na kazi hiyo ni ya hesabu na mikataba kuliko ya nyaya. Ingekuwa vizuri uanze kuisoma sasa, ukiwa bado na mshahara.

Kuhusu mumeo. Ana haki ya kuogopa ada, na usimjibu kwa kumwona mtu wa tamaa. Mpe hesabu. Mwambie kibali kinachopatikana kwa taarifa za uongo kinaweza kufutwa katikati ya muhula, na mtu aliyefutiwa kibali hupata shida ya kupewa kingine. Nyumba yenu ina mshahara wa mwalimu na wako. Kaeni mpige hesabu ya miezi sita bila wa kwako, mjue ni nini kitaumia. Nenda na NSSF uulize mafao yako yakoje ukiondoka nchini, usisubiri hadi siku unafungasha. Woga ukishawekwa kwenye karatasi na tarakimu huwa mdogo kuliko ulivyokuwa usiku kitandani.

Je, umwambie msaidizi wako? Ndiyo, lakini si yote na si kwa namna ya kujitoa lawama. Usimwonyeshe rasimu ya makao makuu. Ni hati ya ndani ya kampuni, na ukimpa utakuwa umempa hasira asiyoweza kuifanyia lolote, halafu yeye ndiye atakayeonekana mkorofi. Mwite, mfunge mlango, umwambie unaandaa mpango wa yeye kukurithi, umtajie mapengo mawili unayoyaona, umuulize yeye anaona nini. Huenda akakutajia la tatu ambalo hukulijua. Huenda pia akakwambia hataki kiti hicho, maana kuna watu wenye uwezo ambao hawataki kuhamia Dar es Salaam wakaacha ng'ombe na wazazi. Umejiuliza hilo? Wewe na makao makuu mnabishana kama anaweza, na sijaona mahali popote katika barua yako alipoulizwa kama anataka. Akisema anataka, mchukue kwenye kikao kijacho cha wakopeshaji, hata kama kibali chako bado kinasubiriwa. Hilo liko ndani ya mamlaka yako leo, huhitaji saini ya mtu.

Na wale waliosema Mkenya amekuja kula ajira ya wenyeji, hao usiwajibu. Wenyeji tunasema "mgeni njoo mwenyeji apone," na katika habari yako nimeona wavuvi waliopona kunyang'anywa betri, na fundi wa mapaa aliyefika kuwa msaidizi wa meneja. Sitaki barua moja ya uongo iyafute hayo. Wangesoma saini yako siku moja, wangekuwa na haki ya kusema yale yote waliyosema.

Mtoto wa kidato cha tatu asihamishwe. Mitaala ya nchi hizi mbili imeachana, na kumng'oa mwaka mmoja kabla ya mtihani wa kidato cha nne ni kumrudisha nyuma bila kosa lake. Nenda Uhamiaji wewe mwenyewe, ukaulize mapema anaweza kubaki kwa kibali gani cha mwanafunzi endapo cha kwako kitaisha, na uliza shule kama wana bweni. Fanya hivyo wiki hii, kabla hata hujatuma rasimu yako makao makuu, ili ukiwa unasubiri majibu yao usiwe unaogopa kwa ajili yake.

Wakishakujibu, niandikie.